Deni la marehemu: bibi alitoka eda Jumatatu, Alhamisi alikuwa mezani kwangu kuomba mkopo

KaraniWaWete

Assalaam alaykum wadau. Uzi huu ni mrefu na sitaumaliza leo. Nauandika kwa simu, baada ya Isha, watoto wakishalala.

Mimi ni afisa mikopo kwenye ushirika mmoja wa kuweka na kukopa hapa Pemba, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kazi hii. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asijulikane shehiani kwake. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Mwaka jana, msimu wa karafuu bado haujaanza, nilifika ofisini asubuhi nikamkuta bibi mmoja kakaa kwenye benchi la nje, mlango haujafunguliwa. Buibui limepauka mabegani, pajani ana kikapu cha ukili kilichofungwa mdomo kwa kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo? Mama hajambo? Watoto wote wazima?" Akaniulizia mpaka watu wa nyumbani kwetu asiowajua, kwa utulivu, kama mtu aliyekuja kutembea tu.

Ndani akafungua kikapu. Alikuwa kajiandaa. Kitambulisho cha Mzanzibari, barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wake, picha mbili ndogo. Kazaliwa miaka 74 nyuma.

"Nataka laki nane, mwanangu."

"Za nini, bibi?"

"Za paa. Paa langu linavuja."

Nikaanza kujaza fomu. Nikamuuliza anataka mabati mangapi, akasema thelathini. Nikamuuliza ya geji gani, yaani unene. Akaniangalia. Wadau, mtu anayetaka kuezeka anajua geji kabla hajajua bei, kwa sababu fundi kashamwambia. Sikusema kitu, nikaendelea. Nilipofika pale pa hali ya ndoa akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwenzangu kafariki. Nimetoka eda Jumatatu."

Nikaiweka kalamu chini. Nyote mnajua mila zetu. Mwanamke akishakaa ndani miezi minne na siku kumi, siku za kwanza za kutoka anakwenda kuwaamkia watu waliomjia msibani, anakwenda kwa dada zake, kwa wakwe. Huyu siku ya tatu alipanda gari ya alfajiri akaja kwa afisa mikopo.

Nikafanya hesabu, maana ndiyo kazi. Kipato chake cha uhakika ni kimoja, pensheni jamii, ile ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanza mwaka 2016 kwa 20,000 kwa mwezi na wakati huo ilikuwa 50,000. Laki nane kwa miezi 24, kwa kiwango chetu cha asilimia 2 kwa mwezi, kila rejesho linakuja 49,333. Nilirudia mara mbili kwenye kikokotoo. Kwenye pensheni yake ingebaki 667. Haitoshi hata nauli ya kuja kulipa.

Hapo nilikuwa na haki ya kufunga faili. Kwetu mkopaji asipindukie miaka 65 siku ya rejesho la mwisho, na bima ya mkopo haimchukui mtu wa umri wake. Ningemwambia, "Bibi, samahani, utaratibu hauruhusu," angeitikia, "Haya mwanangu," na ingekuwa imekwisha. Nimewaambia hivyo wazee wengi sana na sikupata kuwauliza walikwenda wapi baada ya kutoka mlangoni kwangu.

Lakini kuna watu mtaani wanaokopesha bila kuuliza umri, na wanachochukua dhamana kila mtu anakijua. Nikamwambia, "Bibi, lazima nije nilione hilo paa." Akafunga kikapu chake polepole, akasema nije Jumamosi.

Nitaendelea inshaallah.

Bintimwani

Waalaykum salaam kaka. Nimeisoma hiyo 667 mara tatu. Mimi nalima mwani, nimelelewa na mama mjane, na nakwambia huyo bibi hana paa linalovuja. Endelea, niko hapa.

AfisaWaMjini

Ndugu, nami niko kwenye kazi hiyo hiyo, upande wa Unguja. Umri umekataa, kipato kimekataa, dhamana hana. Ulikwenda kukagua nini? Nauliza kwa heshima, nataka kukuelewa.

KaraniWaWete

Jumamosi nilikwenda. Nyumba ya mawe na udongo, imepakwa chokaa, uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Nikatazama juu. Mabati mazima, yana kutu kidogo pembeni, hayana tundu hata moja. Bibi alikuwa kasimama nyuma yangu. Akasema, "Ushaona." Ndilo neno lake la kwanza, hata maamkizi hatujamaliza.

Akaniwekea mkeka barazani, akaniletea maji, akaingia ndani akatoka na kibweta kidogo cha mbao, cha zamani, kufuli lake limeshavunjika. Akakiweka kati yetu, hakukifungua bado. Akaanza kusema.

Siku ya maziko wanawe walitangaza kama inavyotangazwa: anayemdai marehemu awaone warithi. Hakujitokeza mtu. Ilipokwisha hitima, akaja bwana mmoja wanayemjua, mtu wa biashara. Bibi yuko eda, yuko ndani, mazungumzo yanafanyika barazani. "Nilisikia kwa pazia," aliniambia. Yule bwana akawaambia vijana kwamba baba yao alimuuzia karafuu za mikarafuu 14 ya bondeni zikiwa juu ya mti, vuli ya mwaka uliopita, na miti haikuzaa. Anadai laki nane.

"Wanangu walinyamaza. Nikangoja mmoja aseme neno, hakusema mtu. Nikasema moyoni, basi mie."

Sikumkatiza.

"Miezi minne na siku kumi nimelala na laki nane, mwanangu. Nikisali ninayo, nikila ninayo. Mwenzangu kalala na deni, na mie nilikuwa sina ruhusa ya kutoka."

Akafungua kibweta. Mlikuwa na tasbihi, miwani iliyovunjika mguu mmoja, risiti za zamani za karafuu, na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Kwenye mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Akanipa. "Hii kaandika mwenyewe. Mie herufi hizi sizijui, vijana wangu nao walikimbia chuo cha Qur'ani mapema."

Maandishi yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote waliopita chuoni kabla ya skuli. Mkono mzuri, umenyooka, mtu hakuwa na haraka. Mimi nilisomeshwa na babu yangu, namshukuru mpaka leo. Nikasoma kwa sauti. Tarehe ya mwezi wa Mfunguo Tisa. Jina la yule bwana. Kisha: nimepokea kwake shilingi, halafu tarakimu ٣٥٠٠٠٠, kwa mikarafuu kumi na minne ya bondeni, achume vuli.

Nikaisoma tena kimya, kidole kikifuata tarakimu moja moja.

Laki tatu na nusu. Si laki nane.

Bintimwani

Ya Rabbi.

AbuSalim

Naomba niseme bila kuficha. Wewe unakaa kwenye kiti cha riba, asilimia 2 kila mwezi, halafu unatusimulia habari ya deni la maiti. Kabla hujamhukumu yule mfanyabiashara jitazame.

UstadhiWaMtaa

AbuSalim, neno lako lina haki yake, lakini tuache mwenye uzi amalize. Mimi nataka kusaidia upande wa sheria, kwa sababu naona watu wengi wamechanganyikiwa hapa, na bibi mwenyewe alichanganyikiwa.

La kwanza. Deni la maiti linalipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha, kabla ya mirathi kugawiwa. Gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Suratun Nisaa inalirudia hilo, baada ya wasia au deni. Mke hana deni la mumewe shingoni mwake. Akitaka kumlipia kwa mali yake, huo ni wema wake na ujira wake kwa Mungu, kama sahaba Abu Qatada alivyobeba deni la maiti ambaye Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia. Lakini halazimishwi, na mtu asimwache aamini kwamba analazimishwa.

La pili, na hili ndilo kubwa. Mazao ya miti maalumu hayauzwi kabla hayajadhihirika. Hawa walifanya biashara ya karafuu ambazo hata vikonyo havijatoka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, mauzo hayo yamebatilika. Yakibatilika, mnunuzi anarudishiwa alichokitoa. Anarudishiwa alichokitoa tu, hana haki ya kile alichotarajia kukipata.

La tatu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni. Marehemu aliandika. Mungu amrehemu, karatasi yake ndiyo iliyosimama mahali pake.

AfisaWaMjini

Ustadhi umenifungua. Lakini bado namuuliza ndugu yangu. Laki nane ilitoka wapi? Mtu hawezi kuitaja hewani tu.

KaraniWaWete

Nilijiuliza hivyo hivyo nikiwa njiani kurudi, na nikapata jibu kwa kupiga hesabu kinyumenyume, kama tunavyofanya na makaratasi ya wakopaji. Mikarafuu 14 kwa msimu mzuri. Ukichukua kilo 57 kavu, kwa bei ya 14,000 kwa kilo, unapata 798,000. Ikakamilishwa. Bwana huyu alikuwa anadai karafuu ambazo angezichuma. Hata wachumaji hakuwatoa. Mnajua uchumaji unavyokula pesa, mchumaji analipwa kwa kipimo cha pishi, wa kuchambua naye analipwa, jamvi na kuanika ni kazi nyingine. Angalizichuma kweli, mkononi zisingebaki laki nane.

Na mti kutozaa si ajabu kwa mwenye kujua karafuu. Mkarafuu ukizaa sana mwaka mmoja unapumzika, na tangu kale hatupati mavuno makubwa kila mwaka. Marehemu aliuza karafuu zake kwenye mwaka wa kupumzika, na aliyenunua alijua anachobahatisha, ndiyo maana alitoa 350,000 na si zaidi.

AbuSalim, nisikukwepe. Kwenye makaratasi yetu inaitwa ada ya huduma, na bibi mwenyewe angeiita jina uliloliita wewe. Tangu mwaka 2011 PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ina huduma za Kiislamu zisizo na riba, na wanachama wetu wananiuliza kila mkutano lini na sisi. Sina jibu la kuwapa. Nimelisema hilo kwenye vikao na nitaendelea kulisema. Lakini kazi yangu ndiyo iliyonifundisha kuzitambua zile kilo 57, na sikuweza kunyamaza kwa sababu tu kiti changu nacho kina kasoro.

MwalimuMstaafu

Vijana wangu, nimesoma yote. Niruhusuni mzee mwenzake huyo bibi niseme la zamani kidogo, linahusu.

Deni la karafuu Pemba limeanza kabla hatujazaliwa. Wenye mashamba walikuwa wakikopa kwa wakopeshaji wa Kihindi mjini, na kwa kuwa riba ilikatazwa, kulikuwa na kitu kikiitwa bei kheri. Unamuuzia mtu shamba lako kwa sharti la kulikomboa, kisha unalikodi kwake ukae humo humo. Ile kodi ndiyo riba, ila imebadilishwa jina. Msimu ukikataa, kodi inarundikana juu ya deni, na shamba linakwenda. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 1934 Serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria ya kuzuia ardhi za wenyeji zisihamie kwa wadai, na mwaka 1937 ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya biashara yenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na chama cha Congress kule India kikasusia karafuu za Zanzibar mpaka suluhu ya mwaka 1938. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia karafuu zilizolala ghalani.

Ninachotaka kusema ni kwamba mtu mwenye karafuu juu ya mti na mfuko mtupu ndiye yule yule, zama za bei kheri na zama zenu. Utajiri wake uko juu na njaa yake iko chini, na msimu wa kuchuma ndio anaohitaji pesa kuliko wakati wowote ili awalipe wachumaji. Anayekuja na fedha taslimu wakati huo ndiye anayepanga bei.

Na jingine, karani. Karafuu hapa hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali, peke yake. Mdai huyo asingeweza kusimama mahakamani akasema anadai bei ya karafuu alizokusudia kuziuza mwenyewe. Ndiyo maana alikwenda barazani kwa wafiwa.

Bintimwani

Mwalimu, Mungu akuzidishie umri.

Kaka karani, mimi swali langu ni la vijana. Kwa nini walinyamaza? Mama yangu alipofiwa, kaka zangu nao walinyamaza, na mama akalipa deni la baba kwa mwani, kilo kwa kilo, miaka miwili amesimama ndani ya maji. Mwani wa aina ya spinosamu hauna bei, kila mtu wa pwani anajua. Mpaka leo sijawauliza kaka zangu. Nataka kujua wa kwenu walisemaje.

KaraniWaWete

Dada, pole sana. Na nisamehe, nitakujibu nilichokiona tu.

Ni vijana wawili. Mmoja mvuvi hapa hapa, mwingine ana meza ya nguo Kariakoo, Dar. Na binti mmoja, ameolewa Mkoani. Yule mvuvi nilimkuta pwani anashona wavu, nikamwambia habari ya karatasi. Hakuinua uso. Akasema, "Karani, mimi nina mkopo wa mashine ya boti, nadaiwa na watu wenu hao hao wa vyama. Lile neno laki nane liliponifikia niliona nikifungua mdomo nitakuwa nimelikubali." Kisha akasema, "Mama alifikiri hatujali." Na mikono yake iliendelea na wavu.

Walikuwa wanaogopa deni lisilokuwa la kweli, na kila mmoja aliogopa peke yake. Bibi akalichukua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ndani hana pa kwenda, analisikia kila siku.

Halafu sikilizeni hesabu hii, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mke mwenye watoto anarithi thumni, sehemu moja ya nane. Thumni ya mikarafuu 14 ni mti mmoja na robo tatu. Bibi wa miaka 74 alikuwa anakuja kubeba mkopo wa laki nane, na juu yake ada ya 384,000 kwa miezi 24, jumla milioni moja laki moja na elfu 84, kwa ajili ya mali ambayo fungu lake halifiki miti miwili. Na ningekuwa nimemtafutia mdhamini, kama wanavyofanya wengine, faili lingepita, na mimi ningepongezwa kwa kufikia malengo ya mwezi.

AfisaWaMjini

Nimekusoma. Nakubali ulifanya jambo jema. Lakini ulilifanya kama jirani, si kama afisa. Kazi yetu ni kumpima mkopaji. Mimi nina wakopaji zaidi ya 200, mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, inanipigia kelele kila mwisho wa mwezi, siwezi kwenda kwa kila mtu kufungua vibweta.

KaraniWaWete

Ndugu yangu, hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana, na nakwambia kwa moyo safi.

Nilifanya kama afisa. Jirani yake yeyote angemchangia, angempa pole, angemwombea dua. Hakuna jirani aliyeweza kuiona 798,000 ndani ya laki nane. Hiyo ni kazi yetu. Tunafundishwa kumpima mtu, umri wake, mshahara wake, mdhamini wake, lakini deni lenyewe analokuja kulilipa hatulipimi. Tunaandika kwenye fomu "matumizi ya mkopo: paa" na tunapita. Mzee akija na deni, nusu ya safari deni hilo si lake, au si kiasi hicho, au limeshalipwa na hakupewa risiti. Nimeanza kuangalia nyuma kwenye mafaili yangu ya miaka tisa. Kuna mzee mmoja, kazini alikuwa hamali bandarini, aliyekopa kwetu kulipa "ada ya mjukuu". Alilipa mpaka mwisho, hakuchelewa hata siku. Sijui ada hiyo ilikuwa ya nani. Sikuuliza.

Sisemi uende kwa wakopaji 200. Nasema mzee anayetaka mkopo wa kulipa deni jingine, mwambie alete hilo deni kwanza. Karatasi, jina, alipokea ngapi, lini. Dakika ishirini. Na ikiwa hana karatasi, muulize nani alimwambia anadaiwa.

Maombi yake niliyakataa, kwa taarifa yenu. Kwenye sehemu ya sababu niliandika umri, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye orodha.

AfisaWaMjini

Haya. Dakika ishirini nazipata. Malizia, kilichotokea kwa mdai.

KaraniWaWete

Tulikaa kwa sheha, barazani kwake, baada ya Alasiri. Vijana wawili, wa Dar alipanda boti akaja, binti yao, imamu wa msikiti wao, yule bwana, na bibi. Bibi alikaa kando na wanawake, mtandio umefunika nusu ya uso. Mimi nilikuja kama msomaji wa karatasi tu, sikuja na kofia ya ofisi, na sheha alilisema hilo mwanzo.

Nikasoma. Imamu akaichukua akaisoma naye, neno kwa neno sawa. Wakamwonyesha yule bwana. Akaishika muda mrefu. Sheha akamuuliza, "Unayo yako?" Hakuwa nayo. Akasema, "Mkono wake naujua." Baada ya hapo hakuitaja tena laki nane mpaka mwisho. Nataka kumtendea haki, si mtu muovu, na pesa yake kweli ilipotea mwaka ule. Alitoa pesa, hakupata kitu, akamwona mwenziwe anakufa, akaogopa kama walivyoogopa wengine wote.

Wakakubaliana 350,000. Kijana wa Dar alitoa 150,000 pale pale. 200,000 zilizobaki zingelipwa vuli, kutoka kwenye mikarafuu ile ile ya bondeni, kabla ya mirathi kuguswa. Vijana wakaenda Chake kwenye Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kuandikisha mirathi, na deni likaandikwa humo. Nyuma ya karatasi ya marehemu sheha akaandika makubaliano, wakatia saini, na bibi akapiga dole gumba.

Vuli hii miti ilizaa. Si sana, ilizaa. Mvuvi alipanda mwenyewe, mkewe na dada yake wakachambua. Bibi alianika uwanjani kwake, nilipopita nilimkuta kakaa pembeni ya jamvi na kijiti, anafukuza kuku. Hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, waliyauza.

Siku ya kulipa tukarudi barazani kwa sheha. Pesa zikahesabiwa mara mbili, zikapokewa, karatasi ikaandikwa "imekwisha". Watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Bibi akasema, "Ngojeni kwanza."

Tukakaa tena.

Akamgeukia yule bwana. Tangu tulipoanza vikao hivi hakuwa amesema naye moja kwa moja. "Sheikh, pesa ulizotoa zimerudi. Lakini wewe ulisema laki nane na mie nilisikia, na huko aliko mwenzangu sijui imeandikwa ipi. Kile kinachozidi, unasemaje?"

Yule bwana akatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimemsamehe."

"Sikusikia."

Akainua uso. "Nimemsamehe, bibi. Duniani na akhera."

Bibi akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, mara nne, akaitia kikapuni, akaomba ashikwe mkono ainuke.